Kompyuta Mpya Imekataa Kufungua Folda ya Duka? Soma Hii Kabla Hujaita Fundi

Kama una duka la wakala, saiba au duka la vifaa vya ujenzi hapa Kayole, kuanzia Junction hadi Masimba na Soweto, huenda kazi yako inategemea mashine moja ambayo haizimwi. Ndiyo imebeba ripoti za malipo, hesabu za floti, orodha ya madeni na risiti za wauzaji. Kompyuta zingine mbili tatu za duka huingia humo kupitia mtandao, zikachukua faili na kurudisha faili. Hiyo ndiyo seva ya faili, hata kama hapo dukani mnaiita tu "ile mashine ya kona".

Halafu unanunua laptopu pale Luthuli Avenue, au Windows inajisasisha usiku, na asubuhi folda haifunguki. Mteja amesimama mbele yako anasema "mimi nililipa jana", na ripoti ya jana iko ndani ya folda hiyo. Hapo ndipo watu hukimbilia suluhisho la kwanza wanaloliona kwenye video. Bahati mbaya, suluhisho hilo mara nyingi ndilo baya zaidi.

Katika makala haya tunakueleza kwa nini kompyuta mpya hugoma, jinsi ya kujua hitilafu yako ni ya aina gani, na jinsi ya kuitatua bila kuacha duka wazi kwa wezi. Kanuni yetu ni moja: pandisha seva ya zamani ifikie kompyuta mpya. Usishushe kompyuta mpya ifanane na seva ya zamani.

Kwanza, tulia: pesa haziko kwenye folda

Folda ikikataa kufunguka, pesa zako hazijaenda popote. Salio na rekodi za miamala ziko kwenye mfumo wetu, na unaweza kupakua taarifa ya akaunti tena kutoka kwa simu au kompyuta yoyote yenye intaneti. Kwa hivyo yule mteja anayesubiri, mhudumie kwanza kwa njia hiyo.

Kile ambacho sisi hatuna ni vitu vyako mwenyewe: daftari la madeni, hesabu ya bidhaa, nakala za vitambulisho ulizochanganua, mishahara. Hivyo vikipotea hatuwezi kukurudishia. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinaanza na kulinda faili, kisha kufungua folda.

Kwa nini kompyuta mpya hugoma

Kompyuta zinapogawana faili kwenye mtandao wa duka hutumia lugha fulani. Kwa mashine za Windows, lugha hiyo huitwa SMB, na ina matoleo. Windows XP inajua toleo la 1 pekee. Windows 7 inajua hadi 2.1. Windows 8 ilileta toleo la 3.0, na Windows 10 na 11 hufika 3.1.1. Kompyuta mbili zikikutana huchagua toleo la juu ambalo zote zinalijua. Zisipopata hata moja, hakuna mazungumzo.

Toleo la 1 ni la zamani sana, na usalama wake ni duni. Tangu Windows 10 ya mwezi wa Oktoba 2017, Microsoft iliacha kuliweka kama kawaida kwenye matoleo mengi. Katika baadhi ya matoleo ya Windows 10 lilibaki kwa muda, lakini lisipotumika kwa jumla ya siku 15 kompyuta ikiwa imewashwa, linajiondoa lenyewe. Hii inaeleza kitu kinachowashangaza wengi: kisanduku cha diski kinapelekwa kwa fundi, kinakaa wiki tatu, kinarudi kizima, na kumbe kompyuta zilizobaki dukani zimeshasahau lugha yake.

Kisha kukaja Windows 11 toleo la 24H2, mwaka 2024. Toleo la Pro sasa linadai mambo mawili zaidi: kila mazungumzo na seva yawe na sahihi ya kidijitali, na hakuna kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Maduka mengi yalikuwa yameacha folda wazi kwa kila mtu ili kupunguza usumbufu. Hayo ndiyo yaliyokwama. Na kwa kuwa Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi zaidi wanahamia mashine mpya na kukutana na ukuta huu.

Je, ni mtandao au ni lugha?

Kayole stima hupotea, na stima ikirudi rauta huanza upya na huenda ikagawa anwani mpya kwa kila kompyuta. Seva iliyokuwa kwenye anwani moja jana leo iko kwingine. Hilo si tatizo la lugha kabisa, lakini linafanana nalo. Kwa hivyo fuata mpangilio huu kabla ya kubadilisha chochote.

1. Hakikisha seva imewaka, kebo imeingia vizuri, na tarehe na saa yake ni sahihi. Mashine kuukuu iliyoisha betri ndogo ya ndani hurudi miaka nyuma kila stima inapopotea.

2. Kwenye seva, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, ubonyeze Enter. Andika anwani unayoiona kwenye karatasi, kwa mfano 192.168.1.20.

3. Kwenye kompyuta inayogoma, andika ping kisha anwani hiyo. Majibu yakirudi, njia iko. Yasiporudi, anza na kebo, Wi-Fi na rauta, usiguse mipangilio mingine bado.

4. Fungua dirisha la faili na juu kabisa andika \\192.168.1.20 badala ya jina la seva. Ikifunguka kwa anwani lakini ikakataa kwa jina, shida ni jina tu. Tengeneza njia ya mkato inayotumia anwani, kisha umwambie fundi aifunge anwani hiyo kwenye rauta isibadilike.

5. Angalia kama Windows imeuita mtandao wa duka "Public". Hilo hutokea sana baada ya kubadilisha rauta. Ukiwa hivyo, kompyuta hujificha na kukataa kugawana. Ubadilishe uwe "Private", kwenye seva na kwenye kompyuta zingine.

Jambo moja zaidi: usihofu kwa sababu tu seva haionekani kwenye orodha ya kompyuta za mtandao. Orodha ile ya zamani ilitegemea SMB toleo la 1. Toleo hilo likiondolewa orodha hubaki tupu, na folda yenyewe inaweza kuwa inafanya kazi vizuri ukiandika anwani.

Soma ujumbe, usiufunge tu

Wengi wetu tukiona ujumbe wa hitilafu tunabonyeza OK haraka. Wacha ukae. Piga picha na simu. Ndani yake kuna jibu.

Namba 0x80070035. Kompyuta inasema haioni njia. Mara nyingi ni anwani iliyobadilika, mtandao ulioitwa "Public", au seva iliyozimwa. Rudia hatua zilizo juu.

Ujumbe unaotaja SMB1, au namba 384 kwenye dirisha la amri. Hapa hakuna ubishi: seva yako inazungumza lugha ya zamani pekee. Mara nyingi ni kompyuta ya Windows XP, kisanduku cha diski cha miaka mingi, au flashi iliyochomekwa nyuma ya rauta ya zamani.

Ujumbe wenye maneno "guest access". Folda iko wazi bila nenosiri na kompyuta mpya haitaki kuingia hivyo. Dawa ni kutengeneza jina la mtumiaji na nenosiri kwenye seva.

Ujumbe unaosema sahihi si halali, wenye neno "signature". Seva haijui kutia sahihi, au imezimwa uwezo huo. Kwa kisanduku cha diski, tafuta sasisho la mtengenezaji na uwashe sahihi kwenye mipangilio yake.

Kompyuta inauliza nenosiri tena na tena. Hapa makosa ni mawili ya kawaida. La kwanza, mtu anaandika ile PIN ya tarakimu chache anayofungulia kompyuta. PIN hiyo hufanya kazi kwenye mashine hiyo tu, haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni nenosiri la akaunti iliyo kwenye seva. La pili, kompyuta imehifadhi nenosiri la zamani. Fungua "Credential Manager", futa kumbukumbu ya seva hiyo, ujaribu tena. Na tafadhali, PIN ya akaunti yako ya malipo haihusiki hapa hata kidogo. Usiiandike kwenye dirisha lolote la aina hii.

Usirudishe SMB1, hata fundi akisema ni ya dakika mbili

Kwenye Windows kuna kisanduku kidogo ambacho ukikiwekea alama SMB1 inarudi. Folda inafunguka, fundi analipwa, kila mtu anafurahi. Shida ni mlango uliofunguliwa.

Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa duniani. Ilipitia tundu lililokuwa ndani ya SMB toleo la 1. Haikuhitaji mtu abonyeze kitu kwenye kila mashine: ikishaingia kwenye kompyuta moja ilitafuta nyingine kwenye mtandao huohuo, ikafunga faili zake na kudai fidia ya bitcoin ya dola 300. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, zikiwemo za hospitali za umma Uingereza. La kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliopigwa wengi walikuwa hawajasasisha, au walikuwa na mashine ambazo hazikuwa zikipokea masasisho tena.

Sasa lete hadithi hiyo dukani kwako. Kwenye saiba, mteja anakuja na laptopu yake, anaunganishwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo inayobeba seva. Hujui mashine yake imetoka wapi. Ikiwa na ugonjwa, inachungulia jirani zake. Folda yenye SMB1 ni jirani asiyefunga mlango.

Na si faili zako tu zilizo hatarini. Nakala ya kitambulisho cha mteja na nambari yake ya simu ni data binafsi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, anayehifadhi data hiyo ana wajibu wa kuilinda. Ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Hiyo ni kazi ambayo mwenye duka mdogo hataki kuianza Jumatatu asubuhi.

Kitu kingine cha kujua, kikuokolee pesa: kama seva yako ni Windows 7, haihitaji SMB1 ili kuongea na Windows 10 au 11. Inajua toleo la 2.1 tayari. Fundi akikuambia lazima airudishe SMB1 kwa sababu ya Windows 7, mwombe aangalie kwanza nenosiri na aina ya mtandao. Hata hivyo, Windows 7 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Januari 2020, kwa hivyo panga kuiondoa nayo pia.

Jinsi ya kupandisha seva, hatua kwa hatua

Nakili faili kwanza, bila mtandao. Kama seva ni kompyuta ya XP, chomeka diski ya nje moja kwa moja, unakili folda yote. Diski iwe imeandaliwa kwa mfumo wa NTFS. Ule wa FAT32 haukubali faili moja inayozidi GB 4. Kama ni kisanduku cha diski, usitoe diski na kuichomeka kwenye Windows, kwa sababu mara nyingi haitasomeka na Windows itakuuliza kama uifomati. Ukibonyeza ndiyo, kwaheri. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio kupitia kivinjari, upakue faili au utumie tundu lake la USB. Mwishowe linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda zote mbili.

Chagua seva mpya. Hakuna haja ya kununua mashine ya bei kali. Kompyuta ya kawaida yenye Windows ambayo bado inapata masasisho inaruhusu hadi miunganisho 20 kwa wakati mmoja, na duka la kompyuta nne halifiki hapo. Kama mashine yako ya kona bado ni nzima ila haibebi Windows mpya, fundi anayejua Linux anaweza kuiwekea Samba, programu ya bure inayozungumza SMB. Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019, Samba nayo imezima SMB1 kama kawaida yake. Kama ni kisanduku cha diski, tafuta sasisho la mtengenezaji, kisha kwenye mipangilio chagua SMB2 kuwa toleo la chini kabisa.

Mpe kila mtu jina lake. Tengeneza akaunti na nenosiri kwa kila mfanyakazi. Anayehudumia wateja aone folda ya ripoti za siku. Ya mishahara na vitambulisho aione anayehusika peke yake. Mfanyakazi akiacha kazi, unafunga akaunti moja, hubadilishi nenosiri la duka zima.

Tenga Wi-Fi ya wateja. Rauta nyingi zina uwezo wa mtandao wa wageni. Uwashe, mteja apate intaneti bila kuona seva.

Thibitisha. Ukiwa umefungua folda kutoka kompyuta nyingine ya duka, fungua PowerShell kama msimamizi, andika Get-SmbConnection. Kwenye safu ya "Dialect" utaona namba. Ikianza na 2 au 3, uko salama kwa upande wa lugha. Ikianza na 1, kuna mtu alirudisha kile kisanduku. Kitafute ukizime.

Folda imefunguka, lakini namba zimeharibika

Wakati mwingine mtandao uko sawa na shida iko kwenye programu inayosoma faili. Hii tunaionea sana kwenye ripoti za malipo zilizopakuliwa kama CSV.

Ukifungua CSV kwa kubonyeza mara mbili, Excel hukisia. Nambari ya simu 254 na tarakimu zake zinazofuata inaweza kuonekana kama 2.547E+11. Inayoanza na sifuri hupoteza sifuri. Tarehe 04/05 inaweza kuwa tarehe 4 mwezi wa tano kwenye kompyuta moja, na tarehe 5 mwezi wa nne kwenye nyingine, kwa sababu moja imepangwa kwa Kenya na nyingine kwa Marekani. Ukihifadhi juu ya faili hiyo, makosa yanakuwa ya kudumu, na siku ya kulinganisha hesabu hutaelewa pesa za Mei zimeingiaje Aprili.

Dawa: weka eneo la kompyuta zote kuwa Kenya. Faili asili ya CSV iache kama ilivyo, kwenye folda ambayo wafanyakazi wanasoma tu. Ukitaka kuifanyia kazi, iingize kwenye Excel kupitia sehemu ya data, na safu ya simu uiambie ni maandishi, si namba. Na dukani mtumie programu moja na toleo moja: daftari lililofunguliwa na programu mpya ya uhasibu likaboreshwa, mara nyingi halirudi kwenye toleo la zamani.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mashine yangu ya fotokopi hutuma nakala kwenye folda, na sasa imekwama. Nifanyeje? Mashine nyingi za zamani hutuma kwa SMB1 pekee. Angalia kama ina sasisho. Kama haina, changanua kwenye flashi au kwa barua pepe. Usifungue duka zima kwa sababu ya fotokopi moja.

Niweke faili kwenye flashi na niachane na seva? Flashi ni nzuri kwa kunakili, lakini hupotea na huharibika. Kama unaitumia, iwe nakala ya pili, si ya pekee. Na nakala ya akiba ikishakamilika ichomoe, maana programu hasidi hufunga pia diski iliyochomekwa.

Fundi anataka kuingia kwenye kompyuta yangu kutoka mbali. Ni sawa? Kama unamjua na wewe ndiye uliyempigia, kaa hapo uangalie. Funga kwanza kurasa zote za malipo. Kama yeye ndiye aliyekupigia akidai ametoka kwetu, kata simu. Hatutakuomba PIN, nenosiri wala msimbo unaoingia kwa SMS, iwe ni kwa sababu ya seva, sasisho au kitu kingine chochote.

Fanya hivi leo

Kabla hujafunga duka jioni, fanya mambo matatu: andika anwani ya seva kwenye karatasi, nakili folda kwenye diski ya nje na uichomoe, kisha uangalie ile namba ya "Dialect". Kazi yenyewe haichukui muda mrefu, ila kunakili kunategemea ukubwa wa faili zako. Ukiona 1, usisubiri laptopu mpya ikugomee. Panga kuhama ukiwa na nafasi, kabla mteja hajasimama mbele yako akisubiri risiti yake.